Zile kazi za kufundisha Korea mnazotumiana kwenye simu

Ujumbe umenifikia kwa mara ya sita, na kila unapopita mkononi mwa mtu unaongezwa chumvi: "Korea Kusini yataka walimu wa Kiingereza haraka. Digrii yoyote. Mshahara laki mbili na ishirini za Kenya, nyumba bure, tiketi bure. Lipa elfu thelathini na tano tu za usajili." Halafu swali: "Mwalimu, wewe uko huko, hii ni kweli?"

Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu. Kazi zipo. Serikali ya Korea ina mpango wake, EPIK, ambao tangu 1995 unapeleka walimu wa kigeni katika shule za umma. Nje ya shule kuna hagwon, vituo vya tuisheni vya watu binafsi: jengo moja, ghorofa ya pili hesabu, ya tatu piano, ya nne Kiingereza. Wengi hupewa nyumba, na baadhi hulipiwa tiketi. Kisichosemwa ni kwamba viza ya kazi hiyo, E-2, kwa upande wa Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi 7: Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Basi. Kenya haimo. Tanzania haimo, Uganda haimo.

Na msinianze na katiba. Najua Kiingereza ni lugha rasmi kwetu. Najua mmefundisha kidato cha nne miaka kumi na watoto wakapasi. Najua pia kuna kijana wa miaka 22 aliyesomea uuzaji wa bidhaa, hajawahi kushika chaki, na hapa anaitwa mwalimu. Afisa wa uhamiaji hasikilizi unavyotamka. Anafungua ukurasa wenye picha, anasoma uraia, anafunga. Wahindi walipata kijidirisha cha shule za umma kupitia mkataba wa biashara baina ya nchi hizo mbili. Sisi hatuna mkataba kama huo, na wakala mwenye chumba kimoja na kompyuta mbili pale mjini hawezi kututilia sahihi.

Anachoweza kukupatia, akibahatika, ni C-3, viza ya matembezi, pamoja na maneno matamu kwamba "utaibadilisha ukifika". Haibadiliki kuwa ya kufundisha Kiingereza kwa pasipoti isiyo kwenye orodha, hata ukipiga foleni mwaka mzima. Utakachofanya ni kufundisha kwa kujificha. Bosi anakulipa mkononi. Akikudhulumu, huwezi kushtaki bila kujianika. Ukiugua, hospitali inakutoza bei kamili. Ukikamatwa ni faini, chumba cha kuzuiliwa, ndege, na kufungiwa mlango wa kurudi kwa miaka. Hagwon nayo inapigwa faini, ila yenyewe kesho yake inafungua mlango saa nane mchana kama kawaida.

Tapeli hana alama nyingi. Anakuomba pesa, imetosha. Mawakala halali wa walimu hapa hulipwa na shule.

Sasa mtauliza: mbona kuna Waafrika Mashariki wanaofundisha huko? Wapo, na kila mmoja ana karatasi yake. Kuna wenye viza za herufi F: waliooa au kuolewa na Wakorea (F-6), wakaazi wa muda mrefu (F-2), wakaazi wa kudumu (F-5). Hao sheria haiwafungii kufundisha, ila wanakutana na geti la pili, nalo ni picha. Maombi ya kazi hapa hudai picha, na kuna hagwon zinazotaka uso wa kuwafurahisha wazazi. Hawatakuambia. Simu haitapigwa tu. Kuna wahadhiri wa vyuo vikuu kwa viza ya E-1. Hata Kiswahili kinafundishwa katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, Seoul, lakini nafasi kama hizo ni za kuhesabu kwa vidole. Kuna walimu wa shule za kimataifa, kama zile za kisiwa cha Jeju na Songdo, wanaoingia kwa E-7. Huko wanataka leseni ya ualimu, uzoefu wa miaka isiyopungua 2, na mtu anayejua mtaala wa kimataifa. Kama umefundisha fizikia au hesabu katika shule ya namna hiyo Nairobi au Mombasa, huo ndio mlango wako. Achana na Kiingereza, tafuta huo.

Na kuna wanafunzi. Ufadhili wa serikali ya Korea, GKS, unalipa karo, posho ya kila mwezi, tiketi, na mwaka mmoja wa kujifunza Kikorea kabla ya masomo yenyewe. Shahada ya kwanza uwe chini ya miaka 25, uzamili na uzamifu chini ya 40, na alama zisipungue asilimia 80. Unaomba kupitia ubalozi au chuo moja kwa moja, bila wakala. Mwenye viza ya masomo anaweza kuomba kibali cha kazi ya muda, na saa anazopewa hutegemea kiwango chake cha Kikorea. Lakini kumfundisha mtoto wa jirani Kiingereza sebuleni kwao kwa pesa, bila kibali, ni kosa lilelile la yule wa C-3. Jirani atakwambia hakuna shida. Jirani si uhamiaji.

Nikikuambia usije, najua hutasikia. Basi njoo na karatasi sawasawa.

Kenya na Tanzania hazimo katika mkataba wa apostille, ule wa nchi kutambuliana hati kwa muhuri mmoja, kwa hiyo msishike maelekezo ya Waamerika na Waafrika Kusini. Cheti chako kinathibitishwa na kilikotoka, kinakwenda Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Korea. Anza na digrii kwa sababu haina tarehe ya kuchacha. Cheti cha mwenendo mwema kiombe mwisho, kwa kuwa mara nyingi wanataka kiwe hakijapita miezi 6. Watu hukikimbilia kwanza kwa kuwa ndicho rahisi, digrii inakwama chuoni miezi minne, na cheti cha polisi kinazeeka mezani. Jina liwe lilelile kila mahali. Kama digrii inasema majina mawili na pasipoti matatu, apa kiapo cha kisheria ungali nyumbani.

Jina! Hapa nitakaa kidogo, maana ndilo litakalokutesa miezi mitatu ya kwanza na hakuna anayelitaja katika hizo video za maua ya cheri.

Ukishafika una siku 90 za kuomba kadi ya ukaazi wa mgeni. Unaweka miadi kwenye HiKorea, tovuti ya uhamiaji, nayo mara nyingi imejaa wiki kadhaa mbele, kwa hiyo iweke wiki uliyotua. Unakwenda na pasipoti, picha ya sentimita 3.5 kwa 4.5, mkataba, uthibitisho wa unapoishi, na ada. Anayekuja kufundisha lugha hupimwa afya pia, na dawa za kulevya zimo kwenye kipimo. Kadi hutoka baada ya wiki tatu au zaidi. Kabla haijatoka wewe ni kivuli: benki inakufungulia akaunti yenye masharti au inakurudisha, simu ni laini ya kulipia kabla, na mtandaoni hununui kitu.

Halafu kadi inatoka, unafurahi, na hapo ndipo vita inaanza. Korea kila jambo linathibitishwa kwa simu: kununua vitu mtandaoni, huduma za kodi, programu ya benki, hata kuagiza chakula mara nyingine. Mfumo unalinganisha jina la kadi, la benki na la kampuni ya simu, herufi kwa herufi na nafasi kwa nafasi. Wakorea wengi wana silabi tatu. Wewe una MWANGI JOHN KARIUKI. Kijana wa duka la simu anaandika bila nafasi, benki inakata herufi za mwisho, na kadi imetanguliza jina la ukoo. Kwa mfumo hao ni watu watatu. Utabonyeza, utaambiwa taarifa hazilingani, utabonyeza tena, utafungiwa saa 24.

Dawa yake: siku ya kufungua akaunti mpe karani kadi, mwombe aandike kama ilivyo kwenye kadi, kisha akuchapishie jina lilivyokaa kwenye mfumo wao. Chukua karatasi hiyo hadi tawi lenyewe la kampuni ya simu, si kibanda cha wakala, uwaambie waandike hivihivi. Nenda na Mkorea kama unaye. Ukihama nyumba, una siku 15 za kuripoti anwani mpya, ukisahau, faini. Nambari ya uhamiaji ni 1345, na wana wakalimani. Kiswahili usikitegemee.

Hati ya mshahara isome mwezi wa kwanza, usingoje. Unatakiwa uone pensheni, bima ya afya, bima ya kazi na kodi. Ukiona mstari mmoja tu wa asilimia 3.3, mwajiri amekuandikisha kama mtu anayejitegemea, si mfanyakazi wake: asilimia 3 ya kodi ya mapato na 0.3 ya serikali za mitaa. Wengi hushangilia kwa sababu makato ni madogo. Maana yake mwajiri hakuchangii pensheni wala bima, na siku ya kuondoka atasema huna kiinua mgongo. Kiinua mgongo hapa ni sheria: ukitimiza mwaka mzima, kwa saa 15 au zaidi kwa wiki, unalipwa takriban mshahara wa mwezi mmoja, ndani ya siku 14 baada ya kazi kwisha. Ndiyo maana kuna hagwon zinazogundua kasoro zako zote mwezi wa kumi na moja. Weka picha za ratiba, jumbe za bosi na saa ulizofundisha. Wizara ya kazi ni 1350, nayo huangalia kazi ilivyokuwa hasa, hata mkataba uitweje. Pensheni nayo ina ubaguzi wa pasipoti: Mmarekani akiondoka hurudishiwa michango yake, Mwingereza hapati. Ulizia ya pasipoti yako kabla hujaiweka kwenye hesabu.

Darasani hakuna vita hiyo. Vipindi vya shule ya msingi ni dakika 40, sekondari ya chini 45, ya juu 50, na mwalimu wa kigeni shule ya umma hufundisha 22 kwa wiki. Wanafunzi ni ishirini na kitu, na anayetoka kwenye darasa la sitini atadhani nusu hawajafika. Kuna skrini, kuna mwalimu mwenzako Mkorea, kiboko hakuna. Unavua viatu mlangoni na kuvaa ndara za ndani. Nunua zako, za wageni zitakubana.

Ukiuliza "Nani ana swali?" utajibiwa na kimya. Usikasirike. Si kwamba hawajui. Kukosea mbele ya rika lao ni aibu, na mitihani haikuwahi kuwadai wazungumze. Wape dakika mbili waandike, kisha wasemezane wawiliwawili, ndipo uulize. Sekondari ya juu utakuta wamelala mezani saa tatu asubuhi. Usiku walikuwa hagwon, ambako Seoul hulazimika kufungwa saa nne usiku, na baada ya hapo wakaenda kwenye vyumba vya kusomea. Usiandike jina la mtoto kwa wino mwekundu, hapa hunasibishwa na mauti. Pokea na kutoa kwa mikono miwili. Mwite kila mwenzako kazini seonsaengnim, yaani "mwalimu", hata mdogo wako. Kumwita mwenzako kwa jina kavu ni kama kumpigia mluzi mzee kijijini. Na zawadi kutoka kwa wanafunzi na wazazi, kataa, hata kahawa. Sheria ya 2016 ya kuzuia hongo inawabana walimu wa shule mpaka hapo. Sisi tuliozoea kupewa kuku siku ya kufunga shule tunaona ni ukali, nao wanaona ni usafi.

Likizo ya wanafunzi si likizo yako. Siku zisizo na vipindi unakaa ofisini peke yako, kipasha joto kimezimwa, unatazama ukuta hadi saa kumi na nusu. Usilalamike. Wengine wamejifunza Kikorea katika siku hizo.

Waislamu, chakula cha mchana shuleni kina mtego mmoja. Menyu ya mwezi hubandikwa ukutani, na kila mlo una nambari ndogo pembeni za vitu vinavyodhuru wenye mzio. Namba 10 ni nguruwe, 15 kuku, 16 ng'ombe. Huna haja ya kusoma Kikorea, soma nambari. Nguruwe hujificha kwenye supu na soseji, na 15 haina maana ya kuku wa halali. Nyama ya halali ipo Itaewon, mtaa wa Seoul, karibu na ule msikiti mkuu uliofunguliwa 1976. Unga wa mahindi upo, ila uangalie usiwe ule laini mno wa kupikia uji. Usikatae kula na wenzako kila mara, utaonekana umejitenga. Usikubali kila mara pia, utanyweshwa.

Taka ni mtihani tangu siku ya kwanza. Kila wilaya ina mifuko yake rasmi, unainunua dukani, na bei ya mfuko ndiyo ada ya taka. Mfuko wa wilaya nyingine haufai. Mabaki ya chakula yana chombo chake, lakini mifupa ya kuku, maganda ya mayai na maganda ya kitunguu si "chakula" kwa sheria yao, kwa sababu mnyama hawezi kuyala. Yanakwenda taka za kawaida. Weka kimakosa na kamera ipo, na ajumma, mama mtu mzima, wa ghorofa ya chini yupo, na huyo ni mkali kuliko kamera.

Baridi: Januari usiku Seoul huwa nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri, na mawimbi ya upepo wa Siberia huishusha hadi 15 chini. Nyumba zina joto la sakafuni, ondol, raha yake huwezi kusimulia, hadi bili ya gesi ifike. Ukitoka asubuhi usizime mtambo kabisa; bonyeza kitufe cha oechul, "nimetoka", kinachobakiza joto kidogo. Mabomba yakiganda, fundi ni juu yako. Usiku wa nyuzi 10 chini, acha bomba lidondoke tone tone. Koti usinunue nyumbani, halitafaa. Au linunue pale Gikomba kama umelipata zito la manyoya ya bata, maana hapa jipya litakumeza laki za won.

Sasa zile laki mbili na ishirini. Ni kama won 2,300,000 hivi. Mshahara wa chini kabisa wa kisheria mwaka 2025, kwa mwezi wa saa 209, ulikuwa won 2,096,270. Kwa hiyo "mshahara mnono" uko hatua moja juu ya kima cha chini. Toa pensheni, bima na kodi, unabaki na kama 2,050,000. Chakula 450,000 ukijipikia. Gesi, stima na ada ya jengo 150,000 au zaidi wakati wa baridi. Simu na usafiri 110,000. Kama hukupewa nyumba, chumba kimoja Seoul ni 500,000 kwenda juu, na amana ya mamilioni kabla ya kupewa ufunguo. Ukilipa hiyo 500,000 umebaki na kama 840,000, shilingi elfu themanini hivi, na nyumbani wanahesabu laki mbili na ishirini.

Hapo ndipo ndugu hukosana. Mtu ametuma elfu ishirini, anaulizwa nyingine zimekwenda wapi. Taja kiwango kimoja mapema, kiwe kidogo kuliko uwezo wako, na usikiongeze kwa ajili ya harusi ya mtu. Mwezi wa kwanza usitume chochote, kwani mshahara wa kwanza huja baada ya mwezi mzima na akaunti huenda ikachelewa. Njoo na won 1,500,000 za kujishikiza. Nasema usitume. Mama akiugua utatuma, na utakula tambi za pakiti wiki tatu, na hakuna atakayejua, kwa sababu kwenye picha nyuma yako kutakuwa na theluji na taa za Seoul.

Mwenye mkataba wa shule ya kimataifa, au aliyeitwa na GKS, anitumie karatasi nimsomee kabla hajatia sahihi, hata saa sita usiku. Aliyekwisha lipa zile elfu thelathini na tano, achukue ujumbe wa muamala wa M-Pesa aende nao polisi leo, na asiuze shamba kulipia "awamu ya pili".